Mazungumzo ya Nyumbani: Tawi Lililopinda na Ubao Uliokatwa



Wasomaji wetu watukufu, mwezi uliopita tuliahidi kwamba safari hii tutazungumza juu ya akiba ya nyumbani. Twaomba radhi, ahadi hiyo tutaitimiza mwezi ujao inshallah, kwani liko jambo jingine ambalo si haki kuendelea kulinyamazia. Jambo lenyewe ni kiti.

Huenda msomaji akacheka, akasema: Maalim ameishiwa na maneno hata sasa anaandika habari za viti! Lakini na afikiri kidogo. Kiti ni chombo ambacho mwanadamu hukikabidhi uzito wake wote bila kukitazama mara mbili. Mgeni akibisha hodi, neno letu la kwanza ni kumkaribisha, na la pili ni kumwambia akae kitako. Basi kumketisha mgeni juu ya kiti kibovu ni kumdanganya kwa lugha ya heshima. Nasi tulifanya hivyo, tena kwa mtu wa nyumbani mwetu.

Mwaka jana, ilipokaribia harusi ya binti wa ndugu yetu, tuliingiwa na hamu ya viti vipya vya ukumbini. Kijana mmoja wa nyumbani akatuonyesha katika simu yake picha ya kiti cha kigeni. Miguu yake imepinda kama mizizi ya mkoko inaposhuka majini, na mgongo wake umezunguka kama mmea utambaao juu ya ua. Kikatupendeza mno. Tukaipeleka picha ile kwa fundi seremala mmoja aliyesoma chuoni kwetu tangu utoto wake. Yeye ndiye aliyetutengenezea marufaa za kuwekea misahafu, na mpaka leo hatujaona hata moja iliyolegea.

Fundi aliitazama picha kwa kitambo, kisha akasema, "Maalim, miguu hii haikukatwa, imekunjwa. Mimi hapa nina mbao zilizonyooka na msumeno. Nikiuchonga mpindo huu katika ubao, kiti kitapendeza macho, lakini nguvu hakitakuwa nayo."

Tukamjibu kwa maneno ambayo leo twaona haya kuyaandika: ya kuwa sisi ndio tuliomfundisha kusoma alipokuwa hajui hata alifu, na kazi yake ni kufanya aliloagizwa. Akainamisha kichwa, akasema, "Vyema, Maalim." Akatengeneza viti sita, vikaja, kila aliyeviona akavisifu.

Siku ya tatu baada ya harusi, dada yetu mkubwa, ambaye umri wake umepita miaka sabini, aliketi juu ya kimoja. Akajinyoosha apokee kikombe cha kahawa, na mguu wa nyuma ukakatika. Alianguka, akavunjika mfupa wa kifundo cha mkono, akakaa na plasta kwa muda wa wiki sita. Majirani wakauliza ni nani aliyevitengeneza viti vile. Jina la fundi likatajwa. Jina la aliyemlazimisha halikutajwa. Nasi tulikuwapo pale, tukanyamaza. Haukupita mwezi, watu wawili waliokuwa wamemwagiza makabati wakaenda kwa mwingine.

Tulipopata moyo wa kwenda kwake, alitupokea kwa adabu ile ile ya zamani, na adabu hiyo ilituuma kuliko lawama. Hakugombana nasi. Aliinama chini ya meza yake ya kazi, akatoa vipande viwili vya mti, vyote vya unene mmoja, vyote vimepinda kama upinde. Akatuambia, "Maalim, vunja." Cha kwanza tulikiweka gotini, kikakatika mara moja, kikapasuka kwa mshazari, laini kama muwa. Cha pili tulikisukuma mpaka goti likauma, nacho kikacheza kidogo tu, kisha kikarudi mahali pake. Cha kwanza kilichongwa katika ubao ulionyooka. Cha pili kilikuwa tawi la mwembe, lililopinda lenyewe katika kukua kwake.

Akatueleza sababu, nasi twaieleza hapa kwa kuwa ndiyo roho ya mazungumzo yetu. Mti ni mafungu ya nyuzi nyembamba zilizolala kwa urefu, na ndani yake hupita maji yatokayo mizizini. Nyuzi hizo zina nguvu nyingi kwa urefu wake, lakini zimeshikana ubavu kwa ubavu kwa nguvu ndogo tu. Ndiyo maana kuni hupasuka kwa wepesi ukiielekeza shoka kwa urefu, na hukutoa jasho ukiikata kwa upana. Sasa, ukikata mpindo katika ubao ulionyooka, msumeno huzikata nyuzi zile. Mahali penye mpindo hubaki vipande vifupi vilivyoegemeana, wala hapana uzi hata mmoja unaopita toka mwanzo hadi mwisho. Lakini katika tawi lililopinda, nyuzi zenyewe zimepinda pamoja na tawi, hakuna uliokatika.

Elimu hii si ngeni katika pwani yetu. Wajenzi wa majahazi, kama wale wa Matandoni katika kisiwa cha Lamu, wameijua tangu enzi za mababu. Mjenzi atakapo mataruma, yaani zile mbavu za chombo, hachukui ubao akauchonga mpindo. Hutafuta mti au tawi ambalo limekwisha kupinda kwa kadiri ile aitakayo, akalichonga kwa tezo kwa kufuata mwenendo wake. Chombo hupigwa na mawimbi miaka mingi na mbavu zake zisivunjike, kwani fundi hakushindana na mti. Basi sisi, tuliozaliwa tukiyaona majahazi, tulihitaji dada yetu avunjike mkono ndipo tulikumbuke jambo hilo.

Tangu siku ile tumekuwa tukisoma na kuuliza juu ya viti hivi vya kisasa vyenye umbo la majani, mizizi, maua na wadudu, tujue wenzetu waliovibuni walipita njia gani. Tumeona kwamba walio hodari miongoni mwao hawakuanza kwa kuuliza, "Mmea unafanana na nini?" Waliuliza, "Mmea unafanyaje kazi?" Yafaa tutaje wachache.

Wa kwanza ni Michael Thonet, seremala aliyezaliwa mwaka 1796 katika mji wa Boppard, ukingoni mwa mto Rhine, Ujerumani. Alitaka viti vyenye mpindo visivyokatika. Baada ya kujaribu kwa miaka mingi kukunja vipande vyembamba vilivyounganishwa kwa gundi, alifikia kukunja fito nzima za mti zilizolainishwa kwa mvuke wa moto. Taabu ilikuwa hii: ufito ukikunjwa, upande wa nje huvutwa hata ukapasuka. Akaushikiza upande ule kwa ukanda wa chuma, usiweze kuvutika, na mti ukalazimika kujibana kwa ndani badala ya kupasuka kwa nje. Nyuzi zote zikabaki nzima. Mwaka 1859 akatoa kiti chake mashuhuri, nambari 14, chenye vipande sita vya mti, skrubu kumi na nati mbili. Viti 36 vilivyofunguliwa viliweza kupakiwa katika sanduku la mita moja kila upande. Kufikia mwaka 1930 vilikuwa vimeuzwa takriban milioni 50, na mpaka leo viti vya namna hiyo vyaonekana katika mikahawa ya dunia nzima. Mgongo wake umezunguka kama mmea utambaao, lakini haukuchongwa ili ufanane na mmea. Umekunjwa kama mmea ukunjikavyo.

Wa pili ni Alvar Aalto wa Ufini, aliyeishi toka 1898 hadi 1976. Alipewa kazi ya kujenga hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu katika mji wa Paimio, iliyokamilika mwaka 1933. Wakati ule wabunifu wengi wa Ulaya walikuwa wamependezwa na viti vya mabomba ya chuma. Aalto alifikiri juu ya mgonjwa anayekaa kutwa nzima: chuma ni baridi mwilini, na king'aro chake huchosha macho. Kwa hiyo akatumia mti wa misitu ya kwao, akaunganisha mbao nyembamba kwa gundi na kuzikunja, kikapatikana kiti chenye kunepa kama tawi, na mgongo wake ukalazwa kwa kadiri imsaidiayo mgonjwa kupumua. Mwaka 1933 alitoa pia kigoda cha miguu mitatu. Kila mguu ni ubao uliopasuliwa ncha yake kwa kufuata nyuzi, ukatiwa vipande vyembamba na gundi katika nyufa zile, kisha ukakunjwa. Kigoda hicho chatengenezwa hata leo.

Wa tatu ni George Nakashima, Mmarekani wa asili ya Kijapani, aliyezaliwa mwaka 1905 na kusomea ujenzi wa majumba. Mwaka 1942, katika Vita Vikuu vya Pili, serikali ya Marekani iliwafungia kambini watu wa asili hiyo waliokaa upande wa magharibi, naye akapelekwa pamoja na mkewe na mtoto wao mchanga katika kambi ya Minidoka, jimbo la Idaho. Humo alimkuta seremala aliyefunzwa kazi ya Kijapani, Gentaro Hikogawa, akawa mwanafunzi wake, wakafanya kazi kwa mabaki ya mbao. Baada ya kufunguliwa alikaa New Hope, Pennsylvania, akatengeneza meza ambazo ukingo wake hakuunyoosha kwa randa, bali aliuacha na mawimbi yake kama ulivyokuwa chini ya gome. Mbao ikiwa na ufa, hakuuficha kwa rangi wala kuutupa ubao. Aliufunga ufa kwa kipande cha mti chenye umbo la kipepeo, ili usiendelee, na kila mtu auone. Alikufa mwaka 1990, na wanaomwiga ni wengi. Nasi katika habari zake zote hatukupendezwa na jambo kama hili la ufa, kwani sisi ufa wetu tuliuficha.

Wako na wengine ambao hatuwezi kuwaeleza wote. Eero Saarinen, mzaliwa wa Ufini aliyefanya kazi Marekani, alichoshwa na msitu wa miguu chini ya meza, akatoa mwaka 1957 viti vya mguu mmoja unaopanuka juu kama ua lililosimama juu ya kikonyo chake. Huko Derbyshire, Uingereza, Gavin Munro hapasui mbao kabisa. Huielekeza miti michanga ikue kwa umbo la kiti, huunganisha matawi yakiwa hai, akangoja miaka kadhaa ndipo akate. Na mwaka 2006 Mholanzi Joris Laarman alitoa kiti cha aluminiamu kwa kufuata kanuni ya mfupa. Kanuni hiyo aliieleza tabibu Mjerumani Julius Wolff mwaka 1892: mfupa hujijenga pale unapobeba kazi, na hupungua pale usipotumika. Laarman alitumia hesabu za kompyuta zilizoondoa madini mahali pasipo uzito na kuyaacha mahali palemewapo, na kilichobaki kikawa na umbo la mifupa, ingawa hakuna aliyechora mfupa. Tuliposoma habari hiyo tulimkumbuka daktari aliyemtoa dada yetu plasta, jinsi alivyomwamrisha aufanyishe mkono kazi kidogo kidogo kila siku.

Hapa tumesimamishwa na swali la msomaji mmoja aliyetuandikia kitambo. Auliza: Iwapo kiti kimeitwa kwa jina la mnyama, je, chafaa kuwekwa katika nyumba ya Muislamu, au kimekuwa sanamu? Hapana shaka amesikia habari za Arne Jacobsen wa Denmark, ambaye kiti chake cha mwaka 1952 huitwa Siafu kwa kuwa ni chembamba kiunoni, na viti vyake vya mwaka 1958, alivyovitengeneza kwa ajili ya hoteli moja ya Copenhagen, huitwa Yai na Bata-maji. Tumjibu kwa upole: jina si sura. Viti hivyo havina jicho, wala uso, wala kichwa. Ni makalio na migongo tu. Sote nyumbani tuna mbuzi ya kukunia nazi, na hatujasikia mtu aliyeitupia majani. Na mafundi wetu wa milango ya Lamu na Unguja wamejaza vizingiti maua, majani na mizabibu kwa karne nyingi, wala msikiti haukuwakataza. Atakayetaka sura ya kiumbe chenye roho iliyochongwa wazi, hilo ni jambo jingine, na amwulize sheikh wake.

Sasa turudi majumbani mwetu. Mwenye kununua kiti chenye umbo la kupinda na azingatie mambo manne.

Kwanza, atazame nyuzi za mti mahali penye mpindo. Zikifuata mpindo, kiti kimekunjwa au kimetokana na tawi. Zikipita moja kwa moja na kukatika ukingoni, basi kimekatwa, na hapo ndipo kitakapovunjika. Ikiwa rangi ni nzito hata nyuzi hazionekani, amwulize muuzaji kwa nini.

Pili, ajue kwamba mpindo mdogo katika ubao mpana hauna madhara makubwa. Hatari iko katika mguu mwembamba uliopinda sana, na zaidi mguu wa nyuma, kwani mtu akiegemea uzito wote hurudi huko.

Tatu, ahakikishe kuwa mbao zimekauka. Ubao mbichi hunywea baada ya kiti kutengenezwa, ndimi zikalegea katika matundu yake, na kiti kikaanza kulia. Kiti kiliacho kinatoa habari. Si cha kupigwa msumari na kusahauliwa.

Nne, nalo ndilo kubwa, amsikilize fundi. Mwenye fedha hudhani kwamba kwa kuwa yeye ndiye alipaye, yeye ndiye ajuaye. Fundi akikwambia, "Mti huu haukubali," hajadharau mali yako. Amekutendea kama ndugu. Atakaye mpindo wa kweli na amwachie fundi muda wa kuunganisha mbao nyembamba kwa gundi, au wa kutafuta tawi, au achukue viti vya henzirani, ambayo hukunjika kwa tabia yake, na bei yake aghalabu ni nafuu. Haraka ya harusi si hoja mbele ya nyuzi za mti.

Limebaki la mwisho. Wazazi wa wanafunzi wetu wamechanga fedha za vigoda, watoto wapate kukaa vizuri wakati wa kuandika. Kamati ilipokutana kuchagua fundi, mzee mmoja alisema, "Yeyote, ila yule aliyemwangusha bibi." Tulisimama, tukawaeleza yote kama tulivyoyaeleza hapa: ya kuwa fundi alitukataza, na sisi tulimlazimisha kwa cheo cha ualimu, kisha lawama ilipokwenda kwake, tuliiacha iende. Palikuwa kimya kwa muda. Hatukupenda kimya kile, lakini tulistahili kukisikia. Kazi akapewa yeye. Nasi twaandika humu pia kwa sababu maneno ya mtaani yalikwenda mbali kuliko kikao cha kamati, na gazeti hili hufika majumbani ambamo jina lake lilitajwa kwa ubaya. Wenye nyumba hizo wanajijua.

Vigoda tayari ameanza kuvitengeneza, vya miguu mitatu, kwa kuwa sakafu ya chuo chetu haiko sawa, na miguu mitatu haiyumbi popote iwekwapo. Tulimwuliza kama ataikunja miguu hiyo kama ya yule Mfini. Akacheka kidogo, akasema, "Maalim, mti wenyewe haupindi bila sababu. Hii acha inyooke."

Na vile viti vitano vilivyosalia vya harusi alivichukua bila kuombwa, akaing'oa miguu yote iliyopinda, akatia ya mninga iliyonyooka. Havifanani tena na picha ile ya simu. Dada yetu alivizunguka siku mbili bila kuvikaribia. Siku ya tatu akavuta kimoja mpaka mlangoni, akakitikisa kwa mkono ule uliopona, akaketi, akaagiza kahawa yake.

Mwezi ujao, inshallah, ni habari za akiba. Wassalaam.